Kijikapu cha Kahawa cha Mama Leonsia

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ninayewasomea ni Nathaniel Ngosha, mkwe wa marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa hoja kwamba nimeishi naye chini ya paa moja miaka kumi na moja, jambo ambalo kwetu Wasukuma, na kwa Wahaya pia, mtu na mama mkwe wake hawalifanyi kirahisi.

Marehemu Leonsia Kokulinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Jovinary Rwehumbiza, akasoma hadi darasa la nne, kisha akatolewa shuleni ili alee wadogo zake, uamuzi ambao aliulalamikia hadi uzeeni.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Mzee Josephat, wakajaliwa watoto watatu, ambao kati yao aliyebaki ni mke wangu, Prudencia. Kazi yake ilikuwa migomba na kahawa, na mvivu hakukaribishwa katika kibanja chake.

Mzee alifariki mwaka 2012, na Januari 2014, macho ya Mama yalipopungua nguvu, tulimleta kwetu Buswelu. Alikuja na mfuko mmoja, akakataa nguo zake zisiwekwe kabatini, kwa maelezo kwamba amekuja kusalimia tu. Nasi tukazidisha heshima, kila jioni wajukuu wakampigia magoti na kumpa kahawa ya kutafuna katika kijikapu, kama Wahaya wanavyompokea mgeni, naye akachukua punje mbili, akashukuru, akarudi chumbani. Ilipita miaka saba bila yeyote kutambua kwamba kila jioni tulikuwa tunamkumbusha kuwa hapa si kwake.

Aprili 2021 washenga walikuja kumposa mjukuu wake Rose, wakafika mapema, sisi tukiwa bado njiani kutoka msibani Misungwi. Mama alikichukua kijikapu, akawatembezea kahawa kwa mkono wake, akasema, "Karibuni kwangu." Tulipoingia akatupa na sisi. Kuanzia siku hiyo hakuna mwingine aliyekigusa kijikapu, ule mfuko ukawa wa vitunguu, na mimi nikawa naulizwa kila nikichelewa kurudi.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Wazee wa ukoo wa mumewe walikuja kumjulia hali, wakaomba kwamba siku ikifika arudishwe Kamachumu, alazwe kando ya Mzee, kama desturi inavyotaka. Aliwajibu akiwa kitandani, "Mgeni ndiye anayesafirishwa, wanangu. Mimi nitazikwa kwangu." Neno hilo liliniliza, wala sioni aibu kulisema. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025, akiacha mtoto mmoja, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Buswelu, wanajumuiya, wafanyakazi wenzangu, na kwa namna ya pekee wazee wa Kamachumu, waliokubali tumzike hapa ingawa haikuwa rahisi kwao.

Kijikapu mlichokikuta mlangoni ni kile kile, na kahawa iliyomo aliikausha mwenyewe kabla hajaugua, akiagiza kwamba siku ya leo asiondoke mtu bila kupewa. Mmekaribishwa na mwenye nyumba.

Pumzika kwa amani, Mama, hapa kwako.