Mstari Uliokwepa Kijito

Mheshimiwa Chifu; wazee wetu mliopewa viti vya karibu na jiko; wageni mliokuja kwa ndege kutoka Yellowknife na Calgary; ndugu zangu wote, pamoja na nyinyi mliofuata tu harufu ya samaki: nawasalimu kwa heshima.

Leo tunamuaga Dada Dora Kochon, anayestaafu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupanga njia ya bomba la gesi, kutoka mwambao wa Aktiki, huku kaskazini mwa Kanada, kushuka bonde la mto wetu hadi kusini. Mimi Alphonse, mwenyekiti wa baraza la ardhi, miaka hiyo hiyo kazi yangu ilikuwa kumpinga. Kwa hiyo nikimsifu, mjue sifa zimenitoka kwa taabu.

Nani amesahau mkutano ule wa kwanza, humu humu ukumbini? Dora alitandika ramani yake, mstari umenyooka kama uzi. Marehemu mama yangu, Bi Celine, akaweka kidole juu yake.

"Wewe mtoto wa Kochon, umesoma mpaka umesahau kwenu? Hapa ni kijitoni. Ndipo samaki wanapokaa baridi yote, maji kwingine yakiganda mpaka chini. Utawachimbia kitandani mwao?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ramani ilichorwa kwa picha zilizopigwa angani mwezi wa Machi, na Machi kwetu, chini ya theluji, kijito na kiwanja havitofautiani.

Je, Dora alinuna? Alichukua mtarimbo, akawasha pikipiki ya theluji, akanigeukia. "Mpinzani, unakuja, au baridi inakutisha?"

Tulipotoboa barafu, maji yalikuwa yanatembea, na samaki wamejaa tele. Dora akapiga magoti pale. "Nimekosea mimi," akasema, na kesho yake akayarudia maneno hayo kwa bosi wake, kwa simu, mbele yetu sote. Bosi akalalamika kwamba kukizunguka kijito kutawachelewesha msimu mzima.

"Basi tuchelewe," akamjibu. "Samaki hawana kijito cha pili."

Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba, akaandika kwenye ramani ile kila njia ya mitego ya wawindaji na kila kaburi.

Kisha bei ya gesi ikaanguka. Halikulazwa bomba hata moja. Juzi, jikoni kwangu, aliniuliza, "Wenzangu wanastaafu wakionyesha madaraja. Mimi nionyeshe nini, Alphonse? Mstari?" Nikamwongezea chai tu. Iliniuma sana.

Jibu ninalo leo. Kiangazi kilichopita walikuja wapimaji wa barabara, nao na mstari wao ulionyooka. Hatukugombana. Tulikunjua ramani ya Dora, wakaisoma, na barabara ikakizunguka kijito.

Dada, samaki aliye kwenye sahani yako nimemvua pale pale, jana asubuhi. Mama hayupo kukuambia, basi nakuambia mimi, mpinzani wako: tunajivunia wewe. Kula.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza huku chakula kikipoa.