Julieth Ngassa, Mwimbaji Aliyesubirishwa Hadi Pasaka

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu na majirani wa Ntalikwa, wageni mliotoka Goweko na Urambo, na ninyi watani zetu Wazaramo mnaodai hamtaruhusu kaburi lifukiwe mpaka mlipwe kuku, wakubwa shikamooni, wadogo poleni. Naitwa Zablon, mtoto wa kwanza wa Recheli, ambaye ni dada wa marehemu, na nasimama hapa kwa niaba ya familia. Kamati ilikuwa imeniandalia karatasi nzuri, imepigwa chapa, ikisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, mama akaisoma, akaikunja mara nne, akaniambia nisithubutu kusoma uongo mbele ya jeneza la mdogo wake, akakaa chini akanieleza, nami nikaandika. Kwa hiyo haya ni maneno ya Recheli, mimi nimeazimwa mdomo tu.

Julieth Elieza Ngassa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 kijijini Goweko, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Elieza Ngassa, mkulima wa tumbaku na mwalimu wa kwaya ya Moravian, na mkewe Bertila. Mama Bertila alifariki mwaka 1980, Julieth akiwa na miaka tisa na Recheli kumi na saba, barua ya posa ya Recheli ikiwa imeshaletwa nyumbani, na Recheli akamwambia mchumba asubiri, akasubiri miaka minne, naye ndiye baba yangu, Mungu amrehemu kwa uvumilivu ule. Tangu mwaka huo Julieth hakumwita Recheli dada, alimwita mayu, yaani mama, na neno la mayu lilikuwa la mwisho katika kila jambo, iwe nguo ya sikukuu au ruhusa ya kwenda kisimani.

Alisoma Shule ya Msingi Goweko kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Tabora kuanzia 1986 hadi 1989, na hesabu hakuzipata, hilo halifichiki. Alichokipata ni kaseti moja isiyo na jalada, ya nyimbo za soul za Wamarekani weusi, aliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea, akaisikiliza mpaka utepe ukakatika, akaugandisha kwa rangi ya kucha, akaendelea kuisikiliza. Likizo akirudi Goweko alikuwa akiwaimbia watu waliokaa kufunga majani ya tumbaku kwenye fito, maneno ya Kiingereza nusu hayajui, na babu yetu Mzee Elieza, ambaye baba yake alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, alimsikiliza siku moja akasema, hao wanaoimba hivyo nao walibebeshwa mizigo isiyo yao. Hapo Julieth alipata njia yake, akamwomba babu amfundishe nyimbo zote za wapagazi anazozikumbuka, akaanza kuziimba kwa namna ile ya kaseti.

Mwaka 1990 hadi 1993 alikuwa karani wa ghala la tumbaku hapo Goweko, na mwaka 1994 akajiunga na bendi ya Njia Panda mjini Tabora, jambo lililowafanya wazee wa kanisa wa wakati ule wamtenge mwaka mzima asishiriki meza ya Bwana, na Recheli, mnayemjua kwa upole, alikwenda ofisini kwao akawaambia kwamba Daudi naye alipiga vyombo. Bendi ilisafiri kwa treni, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma, ikifuata kwa kukaa vitini njia ambayo wazee wetu waliipita kwa miguu, na mwaka 2003 ilitoa kanda iliyoitwa Mzigo wa Kichwani, ambayo wengi wenu mliinunua na wengine, tuseme ukweli, mliinakili. Aliyemsikia ukumbini anajua, alianza chini kabisa kama mtu anayeomba kitu na huku anaona aibu kukiomba, watu wanaacha chupa zao, halafu sauti inapanda, inapanda, mpaka mwanamume mzima anatafuta leso anasingizia moshi.

Alifunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1996 na Valentino, mpiga gitaa wa bendi hiyo, Mkatoliki, baada ya kikao kimoja cha Wamoravian na Wakatoliki ambacho kilikuwa kirefu kuliko ndoa za watu fulani, wakajaliwa watoto wawili, Flavia aliyezaliwa 1998 na Eustace aliyezaliwa 2001. Valentino alitangulia mbele za haki mwezi Agosti 2015, na Julieth akaacha kumbi, akahamia hapa Ntalikwa jirani na dada yake, akawa mwalimu wa kwaya yetu hadi alipoishiwa nguvu.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kamati ilipita mbio.

Mwezi Januari 2023 sauti yake ilianza kukwaruza, tukasema ni mafua, tukasema ni mazoezi ya kwaya, na Recheli akafanya ambalo kila mtu wa Tabora angelifanya, alitafuta asali ya nyuki wadogo, ile chungu kidogo wanayoichimba kwenye mashina, tuliyolelewa tukiambiwa kwamba hakuna koo linaloishinda. Kila asubuhi alivuka uwanja na kijiko, Julieth akafumba macho akameza, na kikohozi kilitulia kwa saa mbili tatu, nasi tukashukuru tukasema dawa inafanya kazi. Majirani nanyi mlileta, wengine mliagiza hadi Sikonge, tulikuwa na chupa kumi na moja dirishani, na kwa miezi kumi na moja hakuna hata mmoja wetu, si mimi mwenye diploma, si mchungaji, aliyesema mpelekeni mtu hospitali. Asali haina kosa. Ilimtuliza maumivu, na maumivu yalipotulia tukalala usingizi.

Tarehe 12 Desemba 2023 alitema damu kanisani, akapelekwa hospitali ya mkoa, akaandikiwa rufaa kwenda Mwanza, na huko mwishoni mwa Januari 2024 daktari akamweleza, Flavia akiwapo, kwamba ana saratani kwenye kisanduku cha sauti, kwamba bado haijatoka humo, na kwamba kikiondolewa chote anaweza kuishi miaka mingi, akipumua kwa tundu la shingoni, lakini kuimba basi. Daktari alimpa fomu ya ridhaa aende akazungumze na ndugu, akataka jibu ndani ya wiki mbili.

Kikao cha ukoo kilikaa hapa Ntalikwa Jumamosi tarehe 3 Februari 2024. Baba mdogo Ezekia alisema mwimbaji asiye na koo tumemzika akiwa hai, mwingine akasema tundu la shingoni litatisha watoto, mwingine akasema Mungu aliyetoa sauti hashindwi kuitunza, na Flavia, binti wa miaka ishirini na mitano anayesomea uuguzi, alipiga magoti katikati ya sebule akasema anamtaka mama yake hata akiwa bubu, akaambiwa na wazee kwamba kikao cha wakubwa hakisemewi na mtoto, atoke nje. Akatoka. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikasogeza miguu ili apite.

Ndipo Julieth, kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama jani kavu likiburutwa, akamgeukia Recheli akasema, "Mayu, sema wewe, nitafanya utakalosema." Watu wote wakamtazama Recheli, na Recheli anataka mjue lililokuwa moyoni mwake saa ile, kwamba alijua jibu, alilijua kama anavyojua jina lake, lakini alimwona mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akiimba mgongoni kwake siku walipotoka kumzika mama yao, na mdomo ukakataa kuamuru sauti ile ikatwe. Akasema, "Tungoje Pasaka." Akasema tufunge, tuombe, aimbe Pasaka moja, halafu twende. Julieth akaitikia kwa kichwa, hakubisha, lini alimbishia mayu?

Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Kama ilivyo desturi yetu Wamoravian tulikwenda makaburini alfajiri kulisubiri jua pamoja na waliolala, na Julieth akaimba ubeti mmoja, wa pili ukamshinda, kwaya ikamalizia, na watu walilia wakasema ni muujiza umeanza, hata Recheli akasema. Tarehe 22 Aprili tulikuwa Mwanza. Daktari yule yule alimpima, akatoka, akakaa kwenye benchi pamoja nasi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi, akasema imeshashuka shingoni na kwenye mapafu, upasuaji haupo tena. Hakutulaumu. Heri angetulaumu.

Alipewa mionzi, akarudishwa nyumbani mwezi Julai, sauti ikaisha kabisa mwezi Septemba, ikawa anaandika kwenye daftari, na kwaya ikija kumwimbia anampiga kidogo begani anayekosea. Recheli alilala naye chumba kimoja tangu aliporudishwa, alimgeuza, alimnywesha, alimsafisha, na kila alipoanza kuomba msamaha Julieth alimziba mdomo kwa kiganja, hakumwacha amalize hata mara moja. Alifariki Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, na dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora na Mwanza, ambao walisema kweli mapema na hawakusikilizwa, majirani wa Ntalikwa waliopika na kuchota maji tangu Ijumaa, wanakwaya, wenzake wa bendi waliobaki, na kila aliyeleta chupa dirishani, maana mlileta kwa upendo.

Limebaki moja, na mama amesema lisiposomwa atasimama alisome mwenyewe. Juzi Jumamosi, wakitafuta kitenge cha kumvalisha, Flavia aliikuta fomu ile ya ridhaa kwenye begi la safari la mama yake. Mahali pa mgonjwa pametiwa saini, jina limeandikwa kamili, Julieth Elieza Ngassa, nakubali kufanyiwa upasuaji, na tarehe ni 2 Februari 2024, siku moja kabla ya kikao. Alikuwa ameshaamua kuishi. Mstari wa chini, mahali pa ndugu, ulikuwa mtupu, aliuacha kwa ajili ya mtu mmoja, akaja kikaoni na fomu begini, akamwuliza, akajibiwa, na hakuitoa.

Jana jioni Recheli aliomba kalamu. Akaandika jina lake kwenye mstari ule, akatia tarehe ya jana, akatuuliza sisi tuliokuwepo sasa aipeleke wapi.

Julieth, mtoto wa Goweko, tulikupenda tukakuponza. Sasa pumzika, na amani iwe yako yote, sisi tutabaki na mengine.