Historia ya Senija Tufekčić, Aliyemwamini Jirani

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni Nermin, mdogo wake Senija, nimepewa na familia kazi ya kuyasoma maisha yake kabla jeneza halijatoka hapa uani, na nitayasoma yote, hata yale ambayo shangazi ameniomba asubuhi hii niyaruke.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika nyumba hii, mtaa wa Donja Mahala, mtoto wa kwanza wa fundi viatu Rašid na mama yetu Vahida, ambaye amekaa pale dirishani. Alianza shule ya msingi hapa mtaani mwaka 1981, akasoma sekondari ng'ambo ya mto, wakati ambapo daraja lilikuwa daraja tu, si mpaka wa vita, na alinishinda kwa kila kitu isipokuwa kukaa kimya. Tarehe 11 Juni 1992, vita vilipofika mtaani, baba alichukuliwa mlangoni na watu wenye silaha, na aliyeendesha gari lao alikuwa jirani yetu Gojko Tešanović, ambaye sisi watoto tulimwita mjomba, naye akamwambia mama, "Usilie, jirani, anakwenda kuhojiwa tu, jioni mtakula naye," na tangu siku hiyo hatujamwona baba, wala mfupa wake.

Mwaka 1996 marehemu alijiunga na chuo cha sanaa Sarajevo, akahitimu uongozaji wa filamu mwaka 2001, na tarehe 13 Septemba 2003 akaolewa na mpiga picha Damir Hukić, wakajaliwa watoto wawili, Ajna aliyezaliwa 2005 na Tarik aliyezaliwa 2008.

Mwaka 2012 televisheni moja ya nje ilimwomba atengeneze filamu ya hali halisi kuhusu maridhiano katika mji wetu, wao wa ng'ambo ile na sisi wa huku, naye akakubali kwa sababu moja tu, kwamba Gojko alikuwa amemwambia, "Nitakuonyesha alipo baba yako, naapa kwa wanangu, lakini kwanza nikae mezani kwa mama yako, watu waone nimepokelewa." Mama alikataa majira yote ya kuchipua, dada akambembeleza, akamwambia, "Mama, ni vikombe viwili vya kahawa, halafu tunamzika baba," mpaka mama akasema, "Haya, nitampikia, ila akimaliza kikombe aseme."

Nyote mnajua kwamba kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajanywa kahawa, na dada, pamoja na elimu yake yote, alikuwa mtoto wa nyumba hii, akasubiri. Gojko alikunywa, akasifu, akalia, na mama akamwekea mkono begani kama ambavyo angemwekea mgeni yeyote anayelia mezani kwake, Damir akirekodi yote kwa kamera ya filamu. Kisha Gojko akasimama, akasema, "Ahsante, jirani, mkono wako wa kahawa haujapotea," akatoka, na dada alipomkimbilia uani kumuuliza alipo baba, akamjibu, "Leo siyo siku ya mambo hayo, binti, tusiharibu," na tangu hapo hakupokea simu yake tena.

Marehemu aliandika mwishoni mwa filamu kwamba bwana huyu bado hajasema, lakini wakubwa wa televisheni wakayafuta maneno hayo, wakidai watazamaji wanahitaji tumaini, hivyo filamu iliyoonyeshwa Novemba 2013 iliishia kwenye mkono wa mama begani mwa Gojko. Filamu ikasifiwa katika miji ambayo sisi hatujafika, Gojko akapandishwa majukwaani akapigiwa makofi, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa diwani, mtu wa maridhiano, huku wanawake wa mtaa huu ambao waume zao hawajapatikana wakimwambia dada yangu usoni, sokoni, "Umemuuza baba yako, tena kwa kahawa ya mama yako." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi naongeza kwamba wakati mwingine umekishonea nguo mwenyewe. Mama naye hakumsemesha dada ila kwa habari za wajukuu, na marehemu hakutengeneza filamu nyingine, alifundisha tu hadi alipoanza kuumwa.

Aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho mwezi Mei 2021, akatibiwa Tuzla, na mama alipokwenda kumwona, dada alimwambia, "Mama, nipe radhi," mama akamjibu, "Ulitaka kumzika baba yako, mwanangu, hiyo si dhambi, nilikusamehe zamani, mdomo tu ndio ulikuwa mzito." Alifariki jana, Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa huku na wa ng'ambo waliotuletea chakula, wanafunzi na wafanyakazi wenzake, na ninyi mama zetu ambao mliacha kumsalimu na leo mmekuja, karibuni, hatuna kinyongo. Shada la maua lililotumwa na ile televisheni nimeliacha barabarani.

Baada ya swala imamu atatuuliza mara tatu kama tumemwia radhi marehemu, na tutajibu kwa sauti kwamba tumemwia. Hakuna atakayeuliza marehemu amemwia radhi nani, kwa hiyo aliniachia mimi niseme: Gojko, wewe uliyesimama langoni na suti yako nyeusi, dada yangu hakukuwia radhi, na mkono wa mama yangu ulioonyeshwa dunia nzima haukuwa msamaha. Kando ya kaburi la Senija tumeacha nafasi ya mtu mmoja, mama ana miaka sabini na tisa na bado anasubiri kumzika, na mahali alipo mtu huyo unapajua wewe.

Lala kwa amani, dada yangu. Baba bado hajalala.