Chunusi Kando ya Pua

JEMIMA: Haloo? Nani huyu? Iko saa nane na dakika kumi, niko kazini.

ORNELLA: Yaya Jemima, ni miye, Ornella. Hii simu ni ya mama.

JEMIMA: Ah, bibi harusi! Jambo sana! Wageni wa mahari wamefika?

ORNELLA: Wamefika. Familia yote ya Fabrice, kutoka Aveba. Wako mu salon, ku sebule, wanakunywa. Miye niko mu chumba. Yaya, dada yangu, weye ni muganga wa hopitali, sema haraka: nini inashusha uvimbe wa uso mu saa moja?

JEMIMA: Hakuna. Uvimbe gani?

ORNELLA: Chunusi tu.

JEMIMA: Chunusi tu haivimbishi uso. Ulipokuja hapa Komanda nilikuandikia nini?

ORNELLA: Kunawa asubuhi na jioni, sabuni bila parfum. Pomade ya tube kidogo usiku. Nisiguse. Ningoje wiki nane.

JEMIMA: Ulingoja ngapi?

ORNELLA: Mbili.

JEMIMA: Halafu?

ORNELLA: Mama Adèle wa ku soko alinichanganyia mafuta yake ya kopo. Siku tano, yaya, uso laini kama yai! Hata weye ungeni—

JEMIMA: Na kopo lilipoisha?

ORNELLA: Zikarudi. Zikaleta na dada zao.

JEMIMA: Wanatia mule dawa kali. Inaficha wekundu, inaharibu ngozi. Sasa hii ya leo iko wapi?

ORNELLA: Kando ya pua. Juu ya mudomo.

JEMIMA: Uliiminya?

ORNELLA: Haloo? Yaya, réseau iko—

JEMIMA: Réseau iko muzuri, nakusikia vizuri. Uliiminya?

ORNELLA: Juzi. Na sindano. Lakini niliipitisha ku mushumaa kwanza, naapa!

[mkwaruzo wa kiti upande wa Jemima]

JEMIMA: Jicho la upande ule?

ORNELLA: Halifunguki. Tangu asubuhi.

JEMIMA: Lifungue na vidole. Angalia mulango kwa macho yote mawili. Unaona milango mingapi?

ORNELLA: Miwili.

JEMIMA: Unatetemeka?

ORNELLA: Ni woga tu.

JEMIMA: Siyo woga, ni homa. Sikiliza. Damu ya hapo inapita nyuma ya jicho, karibu na ubongo. Usaha unafuata njia ile ile. Unahitaji dawa ya kuingizwa mu mushipa leo. Toka, uende hopitali.

ORNELLA: Sitoki! Tumeahirisha mara mbili, yaya! Mara ya kwanza barabara ilifungwa. Ya pili, baba yake Fabrice alirudishwa ku barrière, kizuizi cha barabara. Sasa barabara inapitika tangu wiki tatu tu, nani anajua kesho—

JEMIMA: Wataiona hiyo sura.

ORNELLA: Nitafunikwa kitenge. Tuko wasichana watatu wa kufunikwa, miye na Élise na Espérance. Fabrice anachagua mwenye kuwa wake.

JEMIMA: Akishachagua?

ORNELLA: Wanafunua.

JEMIMA: Sasa?

ORNELLA: Sasa njo maana nakupigia! Saa moja tu! Barafu? Ndimu?

JEMIMA: Mwezi wa kwanza tulipokea kijana na ugonjwa huu. Alifika hapa siku ya nne.

ORNELLA: Alipona?

JEMIMA: Weye uko siku ya ngapi?

ORNELLA: Ya... ya tatu.

JEMIMA: Fungua mulango. Nisikie ukifungua.

ORNELLA: Ataniacha, yaya.

JEMIMA: Hilo silijui. Hili la jicho nalijua. Fungua.

ORNELLA: Simu inalia, inite za mama za kupiga simu ziko karibu kuisha—

JEMIMA: Ornella! Fungua!

[mulango unafunguka, sauti za watu zinakatika]

ORNELLA: Wananiangalia wote.

JEMIMA: Muite mama.

ORNELLA: Mama ameshika kichwa. Baba yake Fabrice amesimama.

JEMIMA: Nani iko na pikipiki hapo?

ORNELLA: Fabrice. Ametoka nje. Ameniacha, yaya, nilikuambia! Nilikuambia—

JEMIMA: Ngoja. Niko nasikia mashine.

ORNELLA: Ni yake. Ameiwasha. Anaenda.

JEMIMA: Anaenda, ao anangoja?

ORNELLA: [mulio wa pikipiki] Anangoja, niko nje naye. Amechukua kitenge. Kile cha kunifunika.

JEMIMA: Anafanya nacho nini?

ORNELLA: Ananifunga ku mugongo wake. Nisianguke. Yaya, mama anauliza tupite wapi kufika hopi—

[Inite zimeisha. Saa nane na dakika kumi na sita.]