Matairi Makubwa ya Suka

Kijiwe chetu kiko kati ya kinyozi na fundi wa matairi, chini ya bati linalovuja upande mmoja. Wa kudumu tuko wanne: Spana, makanika mstaafu; Kinyozi, anayemwacha mteja na povu kidevuni ubishi unaponoga; Birika, muuza kahawa; na mimi, wanayeniita Mwalimu kwa kuwa nilifundisha fizikia. Benchi letu lilivunjika mwezi uliopita, na tangu hapo tunakaa vizuri zaidi. Alasiri ile dereva tunayemwita Suka alisimama mbele yetu, mgongo kwenye lori lake dogo, uso umemkunjamana. Tangu afunge matairi makubwa, wiki tatu sasa, breki hazishiki. Na kesho asubuhi anamhamisha binti yake: vyombo nyuma, mkewe na mjukuu mbele, na mbele yao mteremko unaoishia kwenye lango la shule.

SPANA: Umetoa upepo kwenye mabomba ya breki?

SUKA: Mara mbili, kaka. Mafuta ya breki nimebadilisha, pedi nimebadilisha. Nakanyaga mpaka goti linauma, lori linakwenda tu kama halijaniona.

SPANA: Basi fundi wako alitoa upepo wa mbele, akasahau wa nyuma.

SUKA: Fundi wangu si ni wewe!

SPANA: Ndiyo maana nakwambia. Siku ile ulikuwa unanisemesha mno.

KINYOZI: Mnahangaika bure. Ni urefu huo. Lori limepanda juu, sasa linapigwa na upepo wa kisogoni. Unasukumwa, ndugu yangu, wewe unadhani unaendesha.

BIRIKA: Upepo wapi! Lori halijazoea tu. Ukivaa viatu vipya, wiki ya kwanza hutelezi?

SUKA: Hii ni wiki ya tatu, Birika!

BIRIKA: Si umenunua viatu vikubwa?

Nilisema ninachokijua. Breki ni zile zile, na nguvu yake ni ile ile. Lakini tairi kubwa linagusa barabara mbali zaidi na ekseli, kwa hiyo nguvu ya kulisimamisha inayofika barabarani imepungua. Ni kama kuuzuia mlango ukiushikia karibu na bawaba, huku mwenzako anausukuma kutoka kwenye kitasa. Kadiri mlango ulivyo mpana, ndivyo anavyokushinda.

SPANA: Mwalimu, mlango hauna mafuta ya breki.

KINYOZI: Na mlango gani ulishawahi kushuka kilima?

Wakacheka. Nikarudi kwenye kikombe changu. Miaka thelathini nimesimama mbele ya wanafunzi. Darasa lisilotaka jibu nalijua.

SUKA: Jamani, mimi kesho nashuka! Niambieni cha kufanya!

SPANA: Shuka na gia ya kwanza, ukiomba.

KINYOZI: Shuka kinyumenyume. Injini inatazama juu, itakuwa inakuvuta irudi nyumbani.

BIRIKA: Pakia mawe nyuma.

SUKA: Mawe! Tupu halisimami, niliongezee mawe?

BIRIKA: Litachoka mapema.

Suka alivua kofia, akaipiga kwenye boneti, akaivaa tena. Hapo mkewe akatokea upande wa dukani, amebeba kamba za kufungia magodoro.

MKEWE: Habari za hapa, shemeji zangu.

Tukaitikia. Alimtazama mumewe, akaelewa kwamba ni jambo lile lile la jana na juzi.

MKEWE: Baba, na yale matairi ya kwanza, breki zilikuwa zinashika?

SUKA: Vizuri kabisa.

MKEWE: Yalikuwa yamekwisha?

SUKA: Hapana, yalikuwa bado mapya. Hawa ndio waliosema lori linaonekana fupi.

MKEWE: Sasa yako wapi?

Kinyozi alimkumbuka mteja wake, lakini hakuinuka. Birika alitikisa birika, ingawa alijua limebaki kiasi gani. Benchi lilipovunjika, tulimwambia Suka kwa wiki nzima kwamba lori lake ni fupi, kila mtu kwa zamu yake, mpaka akaamini. Alipofunga makubwa, madogo tuliyalaza hapa, tukayafunika magunia. Ni manne. Nami, niliyejua habari za ekseli na bawaba, nilikuwa nimekalia la nne.

Marehemu mke wangu, kila tuliposhuka mteremko ule kwa gari, alikuwa akikanyaga sakafu ya upande wake, pasipo na breki. Nilikuwa nikimcheka.

Nikasimama. Nikaondoa gunia, nikaliinua tairi na kulibingirisha mpaka mlangoni kwa fundi. Niliporudi, wenzangu walikuwa bado wamekaa.

MWALIMU: Inukeni.

BIRIKA: Hata kahawa hawajamaliza, Mwalimu.

MWALIMU: Inuka, Birika.

Birika akainuka, kisha Kinyozi. Spana alikuwa wa mwisho. Alilipapasa tairi lake kama mtu anayeaga.

SPANA: Sasa shemeji, sisi tutakaa wapi?

MKEWE: Simameni. Wa kukaa kesho ni mimi na mtoto.