Mzee Mothowagae Sekgwama wa Matairi Makubwa, 1948–2019

Mzee Mothowagae Sekgwama, tunayemzika asubuhi hii, alizaliwa hapa Lehututu, Botswana, tarehe 12 Agosti 1948, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Sekgwama na Mama Mosetsanagape. Mama yake alikuwa akisema kwamba alizaliwa kimya, ikabidi wamfinye ndipo alie. Tangu hapo hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Aliingia shule ya msingi akiwa na miaka kumi, maana ng'ombe walimhitaji kwanza, na aliishia darasa la nne. Hesabu alizipenda. Kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kulimtoa jasho hata wakati wa baridi.

Mwaka 1968 alikwenda kwenye migodi ya Welkom, Afrika Kusini. Alirudi baada ya miaka tisa na redio, leseni ya gari na kifua kisichokuwa kizima sana. Kisha akawa dereva wa kikosi cha wachimba visima mpaka alipostaafu mwaka 2003. Huku kwetu mchangani hakuna vibao. Mtu akielekezwa njia huambiwa asome kilometa kwenye dashibodi, akate kushoto au kulia. Mzee alijulikana wilaya nzima kwa maelekezo yake, na hakuna aliyewahi kupotea akiyafuata.

Tarehe 17 Novemba 1979 alifunga ndoa na Gaboipewe, mwanamke aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili, na Mzee akapendezwa na mpango huo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Tebatso, mwaka 1984. Gaboipewe alifariki Juni 2009, na nyumba ikanyamaza kabisa. Mzee alihamia kwenye boma lake la ng'ombe porini. Tebatso, ambaye alikuwa ameshakuwa mwalimu mjini Molepolole, alimsihi akaishi naye. Mzee akajibu kwamba ua wa Tebatso hauna zizi la ng'ombe. Tebatso akasema baba yake anapenda ng'ombe kuliko watu, na wakaachana hivyo, bila ugomvi mkubwa na bila amani.

Mwaka 2010, baada ya kukwama mchangani mara nyingi, alinunua kwenye mnada matairi ya gari kubwa la serikali lililochakaa, akataka yafungwe kwenye Hilux yake. Fundi wa kijiji jirani cha Hukuntsi alikataa kwanza.

"Mzee, haya si saizi ya gari hili. Yatakwangua madigadi, na dashibodi itakudanganya."

"Madigadi kata," alisema Mzee. "Aliyenikosea ni mchanga, si dashibodi."

Madigadi yakakatwa, na Hilux haikukwama tena. Vijana waliicheka, wakisema imevaa viatu vya baba yake. Ila fundi alisema kweli. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kila linapozunguka, na gari halijui. Dashibodi ya Mzee iliposoma sitini, yeye alikuwa ameshakwenda sitini na sita.

Mwaka 2013 Tebatso alijifungua. Mzee aliposikia alipiga simu kutoka kijijini, yeye asiyependa simu, akaomba aletewe mjukuu amwone. Tebatso hakuwahi kufika bomani, hivyo Mzee akaeleza njia kwa uangalifu wake wote: kutoka geti la mifugo, pale wanapokagua ng'ombe barabarani, hesabu kilometa sitini, kata kushoto. Siku hiyo ya Julai alichinja mbuzi, akaichemsha na kuiponda nyama mwenyewe, akatoa maziwa ya mgando, akanyoa ndevu. Alikaa nje akisikiliza gari. Hakuna gari lililokuja. Hakuuliza kwa nini, na Tebatso naye hakupiga simu kueleza. Mmoja aliamini amedharauliwa, mwingine aliamini ameelekezwa porini makusudi. Miaka sita ilipita hivyo, na inauma kuisoma mbele yenu.

Mwezi huu kifua kilimzidi. Olefile, mtoto wa dada yake, ambaye aliijua njia kwa kuchunga huko tangu utotoni, alikwenda kumchukua ampeleke hospitali. Walirudi na magari mawili: Olefile akiendesha Hilux ya Mzee, rafiki yake akifuata na gari la Olefile. Kwenye geti la mifugo wakaanza kubishana juu ya mafuta, na kila mmoja akasoma dashibodi yake imehesabu kilometa ngapi tangu bomani. Zilitofautiana kilometa sita. Olefile alimsimulia mjomba wake wodini kama mzaha, apate kucheka kidogo.

Mzee hakucheka.

"Basi alikuja," alisema, akaomba apigiwe Tebatso.

Tebatso alisema, "Baba, tulihesabu sitini. Tukakata kushoto, tukakuta vichaka tu. Nilipiga honi mpaka mtoto akalia."

"Nilikuwa mbele kidogo tu, mwanangu."

Ilikuwa Jumapili. Daktari alitarajia kumruhusu Ijumaa. Tebatso alitaka kuondoka saa ile ile, lakini Mzee alimkataza. Alimwambia amalize mitihani ya wanafunzi wake, asije mbio, barabara ina ng'ombe. Tebatso akaahidi Ijumaa. Jumatatu Mzee alimwambia muuguzi, kisha mgonjwa wa kitanda cha pili, kisha mfagizi, kwamba Ijumaa ana wageni. Hatukuwahi kumsikia akisema jambo moja mara tatu.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2019, alfajiri.

Ameacha dada wawili, wapwa saba na mtoto mmoja, Tebatso. Ameacha pia mjukuu, Onkabetse, mwenye miaka sita, ambaye alimwona babu yake kwa mara ya kwanza leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa.

Umengoja vya kutosha, Mzee. Pumzika sasa kwa amani.