Mama Pindo Alipimwa Akiwa Amesimama

Marehemu mama yetu, ambaye nyote mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kitindamimba wa mwashi na mkunga. Waliokuja kumwona walisema katoto haka hakafiki kesho. Kakafika, na kakaendelea kuwabishia watu kwa miaka sabini na miwili.

Alisoma mpaka darasa la saba. Mwalimu wa ushonaji alimwambia pindo lake limeenda upande; akajibu kwamba iliyoenda upande ni meza. Meza ikapimwa, ikakutwa na mguu mfupi. Alichapwa hata hivyo, kwa ujeuri, na jina la Pindo likamganda.

Mwaka 1971 alifungua chumba cha kushonea karibu na stendi, dirisha moja na cherehani ya miguu. Mwaka 1975 aliolewa na seremala aliyekuja kupunguza suruali. Alirudi nayo mara nyingi mno. Siku alipopata ujasiri wa kusema lililomleta, suruali ilikuwa imebaki kaptula. Baba alipougua saratani, dawa ya kutuliza maumivu ilimfikia mwishoni kabisa, wakati hawezi tena kusema anataka nini. Alifariki wodini mwaka 2006, akiugulia. Hilo Mama hakulisamehe.

Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Miguu ilivimba, na usiku aliegemea mito mitatu ili apate pumzi. Tabibu wa zahanati ya mtaani hakuishia kupima presha. Alitazama mishono ya ubavuni.

"Mama, gauni hili umelipunguza mara ngapi?"

"Mara mbili tangu mwaka uanze."

"Basi tusingoje ya tatu."

Akamweleza kwamba dawa za moyo zitaendelea, na pamoja nazo aanze huduma shufaa: kutulizwa pumzi na maumivu, kusikilizwa hofu zake, na kupanga mapema angependa kuuguzwa wapi.

Neno shufaa lilifika nyumbani kabla yake. Shangazi alipigia simu ukoo mzima kwamba Mama amekatiwa tamaa. Watu wakajaa uani wakilia, wakamkuta yuko kwenye cherehani. Akawaambia wenye nguo waziweke mezani, na wenye machozi wasiziloweshe. Kaka yetu mkubwa, dereva wa lori, alitaka kwenda kumkaba tabibu. Mama akamketisha.

"Mwanangu, mtu hupimwa nguo akiwa amesimama. Ukingoja alale, unamshonea sanda."

Kesho yake Kaka alimpeleka zahanati mwenyewe. Tangu hapo muuguzi alikuja nyumbani, uvimbe ukapungua, na dozi ndogo ya morfini ikamrudishia usingizi. Mama alishona, akagombana na wateja, akacheka. Alisema hataki kurudi wodini. Anataka kitanda chake, dirisha wazi, na mtu asinong'one chumbani.

Tunajua wapo wanaonong'ona hata hapa, kwamba angepelekwa hospitali kubwa angepona. Tunawajibu mbele yake: hatukumkatia tamaa. Aliulizwa mapema, akachagua akiwa na akili zake timamu, nasi tukamtii. Kumtii kulituuma, na bado kunatuuma. Lakini hatuombi radhi.

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dereva wa lori. Hakuhangaika.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, wifi mmoja ambaye siku hizi ndiye anayewaeleza majirani maana ya shufaa, na suruali kadhaa za wateja. Ziko tayari, njooni mzichukue. Gauni alilovaa leo alilishona mwenyewe, akajipima amesimama mbele ya kioo, akaagiza mtu asilipunguze. Limemkaa sawasawa.

Alipumua kwa amani mpaka mwisho. Na apumzike kwa amani hiyohiyo.